Majirani wa Deo

Wengi wenu mnaopita kwenye benchi langu hapa Bwiza mmeniuliza safari ya Tanzania ilikuwaje. Nimewajibu "nzuri tu" huku nimeinamia soli, na fundi viatu akiinamia soli watu humwacha. Jibu lile halikuwa la kweli. Kusema sijui vizuri, mnanijua. Kuandika naweza kidogo, kwa sababu masista walinifikisha darasa la sita. Basi nimeandika. Mkimaliza, mpeni na mwenzenu ambaye hakuwepo siku ya matanga.

Mnakumbuka kwamba mkubwa wangu Deo alikimbilia Tanzania vita vilipoanza, na kwamba alikufa huko kwa homa. Habari zake tuliletewa na mtu wa lori. Tulikaa matanga, lakini kuyaanua Mama alikataa. Kwetu siku ya kuganduka, yaani ya kuanua matanga, lazima mtu wa ukoo asimame mbele ya watu, aseme marehemu aliishi vipi, alifanya kazi gani na amelala wapi. Ndipo pombe inanywewa na matanga yanakwisha. Mama alisema, "Nani atasimama? Kati yenu nani alimuona pale alipolala? Mi siwezi kufunga kitu sijakiona."

Matanga yasipoanuliwa hakuna harusi nyumbani. Dada yetu Goreti alikuwa ameshachumbiwa, na wakwe walikuwa wameanza kuuliza kwa upole, ule upole ambao mtu anakuwa nao kabla ya kwenda kuuliza nyumba nyingine. Kwa hiyo nilikwenda mimi.

Kuna jambo jingine ambalo hamkulijua. Tuliwaambia kwamba Deo alikuwa mlinzi wa mbuga. Mtu wa lori alikuwa ametuambia kazi yake halisi: Deo alikuwa analisha mbwa. Mbwa mwitu, wale wa porini wenye madoa. Walikuwa wamekwisha katika hifadhi ile aliyofanyia kazi, wafugaji wa pembeni waliwawekea sumu, na sasa serikali ilikuwa inawalea ndani ya waya ili iwarudishe porini. Lakini kwetu mbwa ni mbwa, na kumwambia mtu jina hilo ni kutafuta ugomvi. Tena ninyi mnajua tulichokikuta Kamenge, mtaani kwetu, tuliporudi baada ya kufukuzwa. Nyumba zilikuwa hazina mabati na mbwa walikuwa wamenenepa. Baba tulimpata uani, na ili nimfikie ilibidi kwanza nirushe mawe. Zaidi ya hapo siandiki. Deo alikuwa ameshaondoka nchini, na sehemu ile ya mawe hakuna aliyemwambia.

Siku ya kuondoka Mama alinipa chupa ya plastiki ya soda aliyoijaza pombe ya ndizi. "Nusu ya Deo," alisema, "nusu ya majirani zake." Hiyo ni desturi ya kwao Mama. Mtu akizikwa ugenini, ndugu anayekwenda kumuona huwamwagia kidogo na wale waliolala jirani naye, ili wasimwache peke yake. Niliifunga chupa ndani ya shati na kuiweka katikati ya mfuko.

Ziwani

Chombo chetu kilikuwa kinarudi Kigoma kitupu kwenda kuchukua saruji. Tulikaa bandarini asubuhi nzima na mchana mzima kwa sababu milimani walikuwa wanapiga mizinga, na nahodha alisema hawezi kutoka mpaka wamalize. Tulikaa juu ya turubai, wachuuzi na mimi. Karibu yangu alikuwepo mama mmoja wa Buyenzi, Mama Zaina, aliyekuwa anafuata kanga Kigoma. Alitandika kanga yake, akatoa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga na muhogo uliopikwa ndani ya majani, akanisogezea bila kuniuliza jina.

Tulipofika katikati ya ziwa, jua lilikuwa limeupasha mfuko wangu moto, na chupa ikaanza kuvimba. Mama Zaina aliuangalia ule mfuko kwa muda.

"We kijana, chupa yako iko na mimba?"

Wachuuzi wakacheka. Nilitaka kusema ni maji ya ndizi. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikamwambia, "Apana, Mama. Ni pombe. Ni ya marehemu."

Alivuta kanga yake upande wake, taratibu, mpaka isiguse mfuko wangu. Niliona haya kwa sababu nilikuwa na mafuta ya ndagala wake kwenye vidole. Baadaye kidogo alisema, akiangalia maji, "Legeza kizibo pole pole, upepo utoke. Ukikifungua mara moja utatuogesha wote, na mi niko na udhu." Kisha akanisogezea tena ndagala, kwa ncha ya kidole.

Kwenye garimoshi

Garimoshi la Kigoma liliondoka likiwa limejaa mpaka kwenye vyoo. Nilipata nafasi dirishani, mbele ya fundi cherehani mmoja wa Tabora aliyeitwa Shaibu, aliyekuwa anakwenda Morogoro, mtu wa maneno mengi na viatu vilivyokwisha kisigino. Nilipofungua mdomo kumwambia asogee kidogo, alipiga paja.

"Wewe Mkongo. Nimesikia. Unaimba bendi gani?"

Nilimwambia siimbi. Akawaambia watu wa behewa zima kwamba wanamuziki wakubwa wote huanza kwa kukataa. Tangu hapo kila kituo mtu alikuwa ananiletea karanga na kuniomba kipande kimoja tu cha rumba. Mama mmoja mwenye kuku kwenye kikapu ndiye pekee aliyekuwa na mashaka. "Huyu?" alisema. "Mkongo gani anakaa kimya hivi? Huyu hata akikohoa anaomba ruhusa."

Ningeweza kuwaambia. Lakini huko Tanzania Warundi wanatakiwa wakae kambini, na mtu akisema ni Mrundi watu wanamwangalia vingine. Karatasi zangu zilikuwa sawa. Sikunyamaza kwa kuogopa sheria. Nilinyamaza kwa sababu Mkongo alikuwa anapewa karanga. Nilizila.

Baada ya Tabora, ambako tulinunua wali na kuku kupitia dirishani na Shaibu akajinunulia asali kwenye chupa ndogo, garimoshi lilisimama porini. Wakasema treni ya mizigo imeacha reli mbele. Watu walishuka, wakatafuta kuni, wakachemsha chai kwenye makopo. Tulikaa hapo mpaka watu wakajuana majina ya watoto. Jua lilikuwa kali, na mimi, kwa kusikiliza hadithi za Shaibu, nilisahau kulegeza kizibo.

Askari wa reli alipita akikagua behewa letu. Alifika kwangu akauliza ninatoka wapi. Kabla sijajibu Shaibu alidakia, "Huyo msanii, afande. Mkongo. Anakwenda kurekodi."

Askari aligusa mfuko wangu kwa kiatu. "Humu mna nini?"

Niliutoa mfuko, nikalifungua lile shati lililoifunga chupa, na chupa ikajifungua yenyewe. Kizibo kiligonga dari. Povu lilimrukia askari shingoni na kwenye vifungo vya shati, na lililobaki likamwangukia Shaibu kwenye asali yake. Niliziba mdomo wa chupa kwa kiganja. Behewa zima lilinuka kilabu.

"Mimi si Mkongo," nilisema. Sauti yangu niliisikia kana kwamba ni ya mtu wa mbali. "Ni Mrundi. Siimbi. Mkubwa wangu alikufa hifadhini huko Upare, nampelekea pombe kaburini. Mama yangu ndiye ametuma."

Askari alijifuta shingo kwa kofia. Alimgeukia Shaibu. "Sasa wewe kwa nini unasema anaimba?"

"Nilitaka awe anaimba, afande."

Watu walicheka mpaka yule mama wa kuku akajishika mbavu. Askari hakucheka. Alizipekua karatasi zangu, akanirudishia, akanyoosha kidole kwenye chupa. "Funga vizuri. Marehemu asije akakosa."

Chupa ilikuwa imebaki nusu. Nilimwomba Shaibu msamaha kwa ajili ya asali, na kwa ajili ya karanga za watu. Alisema karanga zikishaliwa zimeliwa. Lakini mpaka Dodoma hakuniuliza tena neno, na kule kunyamaza kwake, yeye ambaye hakunyamaza hata akila, ndiko kulikoniuma. Kabla ya Morogoro nilimwomba viatu vyake nikavishona visigino pale pale kwa uzi wangu. Alivivaa, akakanyaga mara mbili, akasema, "Bora hukuimba."

Chini ya milima

Kutoka Morogoro nilipanda basi, kisha basi jingine, halafu gari la maji lililokuwa linakwenda hifadhini. Sina mengi ya kusema juu ya barabara ile ila vumbi jekundu, mkonge usiokwisha, na dereva wa gari la maji aliyeniambia, "Ndugu wa Deo? Kwa nini mmechelewa hivyo?" Nilimwambia kuna vita. Alisema anajua kuna vita.

Kambini nilipokewa na Eliamani, Mpare wa umri wangu, aliyefanya kazi na Deo tangu siku ya kwanza. Alinikumbatia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aliniwekea ugali wa mahindi na maharage, nikala, na nilipomaliza akaniongezea bila kuuliza, akisema Deo naye mwanzoni aliona haya kuomba. "Alilia ugali wa muhogo mwaka mzima," alisema. "Tulimwambia, hapa hata mbwa hawali muhogo."

Nilitaka kwenda kaburini siku ile ile. Eliamani alikuna kichwa.

"Kuna tatizo zuri," alisema. "Keti nikueleze."

Alinieleza hivi. Mbwa wale waliletwa wakiwa wadogo, wakalelewa ndani ya waya. Deo alikuwa anawapelekea nyama na kuwapigia mluzi. Walipokua wakafunguliwa, lakini hawakutaka kuondoka. Walilala nje ya waya wakingoja mluzi. Deo akaambiwa asipige tena. Alikuwa anajificha ndani ya stoo, amejiziba mdomo kwa mkono, mpaka njaa ikawafundisha kuwinda. Wakaenda, wakapotea kabisa. Kisha ikaja mvua kubwa, barabara ikakatika, Deo akashikwa na homa, na hakukuwa na gari la kupita. Walimzika pale pale karibu na waya wa zamani, chini ya mgunga, na kwa kuogopa fisi wakaweka mawe mengi juu.

"Sasa mwaka huu wamerudi," Eliamani alisema. "Wenyewe. Muhanga, yule mnyama mla mchwa, alichimba shimo karibu na alipolala kaka yako, na mbwa jike akaingia kuzaa humo. Hawa ndio watoto wa kwanza kuzaliwa nje ya waya. Hatusogei karibu, maana wakishtushwa wanahama, na njiani watoto wanakufa. Ukiweza kusubiri mpaka watoto wakue na kulihama shimo, utakwenda ukae na kaka yako kutwa."

Nilimwambia kuhusu Goreti na wakwe, na kwamba meli ya kurudi haingojei mtu. Alisema tutaangalia.

Siku zilizofuata alinichukua kilimani kuwatazama kwa darubini. Mwanzoni nilikataa. Nilikaa nyuma ya gari, nimewapa mgongo. Aliniuliza kama ninaogopa, nikasema apana, sipendi mbwa. Hakunilazimisha. Akawa anatazama yeye na kunisimulia, kama mtu anayemsimulia kipofu mpira.

"Wanarudi kutoka kuwinda. Matumbo yamejaa. Watoto wanatoka. Haya, wanatapikiwa. Watoto kwanza, hawa hawana ubishi. Sasa wanamtapikia Kamenge."

Niligeuka. "Nani?"

"Kamenge. Kilema. Mguu wa mbele ulivunjika akiwa mtoto, kaka yako alimlea mkononi. Hawezi kuwinda, ndiye anabaki kulinda watoto, na wenzake wanamlisha. Ananenepa kuliko mimi. Yule jike ni Kiriri, mama yao, wote wanamtumikia. Yule mwenye sikio lililochanika ni Bwiza. Deo ndiye aliwapa majina. Ni Kirundi, sivyo? Maana yake nini?"

Nilimwambia si maneno ya mbwa. Ni mitaa yetu, na Kiriri ni ule wa matajiri.

Alishusha darubini. Kisha akanipa, na safari hii niliipokea. Niliwaona. Masikio makubwa ya mviringo, madoa meusi, meupe na ya rangi ya chai, hakuna aliyefanana na mwenzake. Kabla ya kuondoka kuwinda walizungukana wakipiga chafya, mmoja, na mwingine, na mwingine, kama waumini wanaoitikia. Hawakufanana na wale wa Kamenge yetu. Nililiona hilo kwa macho yangu mwenyewe, na naomba mlikumbuke mtakaposoma sehemu inayofuata. Siwezi kusema sikujua.

Kaburini

Mwishoni Eliamani alinihurumia. Alisema tutakwenda adhuhuri, wakubwa wakiwa wamelala kivulini ng'ambo ya korongo, tutatembea bila kusema, nitamwaga pombe yangu, nitachukua udongo kidogo wa kumpelekea Mama, na tutarudi kwa njia ile ile. "Usikimbie, usipaze sauti," alisema. "Hata ukilia, lia ndani."

Tulikwenda. Niliuona msalaba wa bomba la chuma, na jina la Deo limeandikwa kwa rangi ya gari. Niliyaona mawe. Nilifika, nikachuchumaa, nikaweka mkono juu ya jiwe moja lenye moto wa jua. Mambo mengi niliyotaka kumwambia yalikuwa yameniishia njiani. Nilisema tu, kwa ndani, Mama anakusalimu.

Hapo udongo ulitikisika pembeni yangu. Kichwa cha mbwa kilitoka ardhini, karibu kabisa na kaburi, upande wa miguuni. Pua ilikuwa na udongo, miguu ina udongo, na mdomoni ameshika kipande chekundu chenye mfupa.

Ilikuwa nyama ya swala. Eliamani alinionyesha baadaye kwato lake. Naye alikuwa Kamenge, anatoka shimoni mwake kama mtu anavyotoka mlangoni kwake. Lakini mimi sikuona shimo. Niliona ua wa nyumba yetu. Niliokota jiwe nikarusha, nikaokota jingine, nikawa napiga kelele maneno ambayo kwa Kirundi hata mlevi hayasemi. Jiwe la kwanza lilimpata Kamenge mbavuni. La pili lilimpata kwenye ule mguu mbovu. Hakunirukia. Alilia kidogo, akaangusha nyama, akarudi nyuma mpaka mdomo wa shimo, akasimama hapo kwa miguu yake mitatu akiniangalia, ameuziba mlango kwa mwili wake.

Eliamani alinikamata kwa nyuma, akanibeba kama gunia mpaka mbali.

Kutoka kilimani tuliona yaliyofuata. Wakubwa walikuja mbio kutoka ng'ambo. Kiriri aliingia shimoni, akatoka na mtoto mdomoni, akavuka naye korongo, akarudi, akamchukua mwingine. Alifanya hivyo jua likiwa kali, wakati ambao hawatembei. Kamenge alikuwa wa mwisho kuondoka, na alikwenda pole pole sana. Eliamani alitazama mpaka hakukuwa na cha kutazama. Hakunigombeza. Alikaa chini karibu na gurudumu, akasema, "Kosa langu. Sikukuambia kwamba shimo limekaribia kaburi kiasi kile. Ningekuambia."

Kama angenipiga, ningemshukuru.

Jioni, wenzake walipouliza kwenye redio ni nini kimewashtua mbwa, nilimsikia akianza kusema labda ni fisi. Nilimwomba ile redio. Nikasema ni mimi, Nestori, mdogo wake Deo. Upande wa pili mtu akasema, "Haya. Pole na msiba."

Asubuhi nilirudi kaburini peke yangu, maana hapakuwa tena na wa kumwogopa wala wa kumshtua. Ndipo nilipoona kile ambacho sikukiona nilipokuwa narusha: mawe yale niliyatoa juu ya Deo. Upande wa kichwani udongo ulikuwa wazi. Nilitembea kwenye majani nikiyatafuta. Mengine niliyajua kwa sababu upande mmoja yalikuwa na weupe wa kupigwa na jua na upande mwingine yana udongo. Moja lilikuwa na manyoya. Nililifuta kwa shati, nikalirudisha pamoja na mengine.

Nusu ya pombe iliyobaki niliigawa tena nusu. Nilimmwagia Deo, nikachota udongo wa Mama. Nilitafuta majirani, kama Mama alivyoagiza, na kaburi jingine halikuwepo, kushoto wala kulia. Lilikuwepo shimo. Nilimwaga iliyobaki pale mdomoni mwa shimo tupu, kwa sababu sikuwa na pengine pa kuimwaga, na sikutaka kurudi nayo.

Kurudi

Eliamani alinisindikiza mpaka kwenye gari la maji. Alinipa mkanda wa Deo na kofia yake. Nilimuuliza kama watawapata wale mbwa. Alisema wataangalia nyayo mvua ikinyesha kidogo. Nilimuuliza kama watoto watapona. Alisema, "Nestori, nenda kamuoze dada yako."

Kwenye garimoshi hakuna aliyeniomba kuimba. Aliyeniuliza natoka wapi nilimjibu Bujumbura, Burundi, kabla hajamaliza swali. Chakula nilinunua mwenyewe. Ziwani tulinyeshewa na mvua, na udongo wa Deo niliufunga ndani ya kofia yake, kofia ndani ya nguo, nguo tumboni.

Matanga

Baadhi yenu mlikuwepo, lakini wengi mlikaa nje kwenye mabenchi na hamkusikia vizuri. Baba mdogo Melkiori aliongoza. Mtungi uliwekwa mbele ya Mama, na mrija ndani yake. Wakwe wa Goreti walikaa upande wa dirisha, wamevaa vizuri. Goreti alisimama mlangoni ameshika kitambaa bila kukitumia. Melkiori aliuliza nani aliyemuona marehemu, nikasimama.

"Deo alikuwa na kazi gani?" aliuliza. Alijua. Aliniangalia kwa macho ya kuniambia niseme mlinzi.

Nilisema, "Alikuwa analisha mbwa."

Wakwe waliangalia vikombe vyao. Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua. Melkiori alikohoa na kutaka kuendelea, lakini Mama aliinua mkono. "Mwache amalize."

Nikamaliza. Nilisema habari za mluzi, na za Deo kujiziba mdomo ndani ya stoo. Nilisema majina ya mbwa. Nilipofika kwa Kiriri, ambaye wote wanamtumikia, baba mkwe wa Goreti alisema, "Hata hapa Kiriri wanalishwa na wengine," na watu wakacheka vizuri, cheko la kwanza ndani ya nyumba ile tangu habari ya Deo ilipofika. Goreti naye alicheka. Nilifikiri, niishie hapa. Niketi. Pombe inywewe.

Mama hakucheka. "Majirani zake ni nani?" aliuliza.

"Hakuna kaburi jingine, Mama. Ni hao mbwa. Walikuja kuzalia hapo pembeni yake."

Uso wake ulilegea. Sikuwa nimeuona hivyo tangu tulipokuwa tunaishi Kamenge. "Basi hayuko peke yake," alisema. "Na wako hapo mpaka leo?"

Hakuna mtu katika nyumba ile ambaye angekwenda Upare kunikanusha. Ningesema ndiyo, na Mama angelala na neno hilo miaka yote iliyobaki.

"Apana, Mama. Nilimuona mmoja anatoka ardhini, nikamrushia mawe. Wamehama. Sijui waliko. Pombe ya majirani niliimwaga kwenye shimo, lakini hawakuwepo tena."

Mrija ulikuwa mkononi mwake. Aliuweka chini. Niliwaona wakwe wakiangaliana, na nilifikiri, nimeharibu tena, safari hii ni ya Goreti.

"Mawe uliyatoa wapi?" Mama aliuliza.

"Juu ya Deo."

"Ukayarudisha?"

"Niliyarudisha yote. Moja moja."

Alikuwa haniangalii mimi. Alikuwa anaangalia mlango wa uani, na mimi nilijua anaona ua gani.

"Ulifikiri wanamla," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Hata mi ningerusha."

Akaokota mrija, akaupangusa kwa kanga, akanywa. Kisha akaugeuza upande wangu. Nilikunywa nikiwa nimeangalia chini, na Melkiori akasema matanga yamekwisha.